Ukitaka Kumsaidia Mtoto Mwenye Ulemavu, Anza na Siku ya Mama Yake

Watu wengi wanaponijia kuuliza wamsaidieje mtoto mwenye ulemavu wa jirani yao, huwa tayari wana kitu mkononi: kilo mbili za sukari, fungu la nguo za mtumba, au jina la mganga wa Handeni aliyemsimamisha mtoto wa fulani. Mimi huwauliza swali moja. Mama yake leo ameamka saa ngapi, na tangu alipoamka amepata kukaa chini mara ngapi? Wengi hawajui, hata wale wanaochota maji kisima kimoja naye. Msaada unaanzia hapo, na ndiyo njia ninayotaka kuieleza kwa jirani, shangazi, mwalimu, mwenyekiti wa kitongoji, kijana wa kwaya au wa madrasa, yeyote mwenye nia na muda kidogo.

Nafanya kazi ya utengemao vijijini, wilayani Muheza, mkoani Tanga. Natembelea nyumba zenye watoto na vijana wenye ulemavu, nafundishana na wazazi namna ya kuwakalisha, kuwalisha, kuwaogesha na kuwapeleka wanakotakiwa kwenda. Mkobani nina futi kamba, vipande vya sponji, kanga mbili kuukuu na kijiko kidogo cha plastiki. Mengi nitakayoyaandika yanahusu utindio wa ubongo, yaani ubongo ulioumia mapema ukamfanya mtoto ashindwe kuutawala mwili wake vizuri, kwa kuwa watoto hao ndio ninaowakuta wengi wakiwa wamelazwa ndani, lakini mwendo wenyewe unafaa pia kwa mtoto mwenye usonji, asiyeona, asiyesikia au mwenye mgongo wazi, yaani aliyezaliwa uti wa mgongo haujafunga.

Mwezi una saa zaidi ya mia saba. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo akimwona mtoto nusu saa kwa mwezi, saa zote zilizobaki ziko mikononi mwa watu wa nyumbani na majirani. Namna anavyonyanyuliwa kitandani, anavyoshikwa akiogeshwa, anavyokalishwa akila, hayo ndiyo mazoezi yake hasa. Kwa hiyo usijidharau kwamba wewe si daktari.

Piga hodi, kaa, uliza

Nenda jioni, wakati moto umeshawashwa na watu wametulia. Usiende na kundi wala usipige picha. Salimia wote, na mtoto naye umsalimie kwa jina lake. Mtoto asiyeongea naye ana shikamoo yake: macho, mkono, mguno, kutabasamu. Itamke wewe polepole, msubiri akujibu kwa namna yake, kisha muitikie marahaba kama unavyowaitikia ndugu zake. Nimeona nyumba ambazo bibi alianza kumsemesha mjukuu wake siku aliposikia mgeni akimwitikia.

Halafu muombe mama akusimulie jana yake, tangu alfajiri mpaka taa ilipozimwa. Sikiliza bila kutoa ushauri. Mara nyingi utasikia hivi: ameamka saa kumi na moja, amembadilisha nguo, ameenda kisimani mbio akimwacha amelala, amemlisha uji kwa saa nzima, amembeba mgongoni kwenda shambani ingawa ana miaka sita, amerudi kabla ya wenzake kwa sababu mtoto alilia, amefua, amemlisha tena. Dada yake mkubwa hakwenda shule kwa kuwa ilikuwa zamu yake ya kukaa naye.

Chagua sehemu moja ya siku hiyo, uichukue. Maji ya ndoo tatu kila asubuhi. Au kukaa na mtoto Jumanne na Ijumaa, saa tisa mpaka saa kumi na moja, ili mama aende shambani, kwenye kikoba, au alale. Siku zilizotajwa na kushikwa zina thamani kuliko ahadi ya “ukiwa na shida niite”. Mama hawezi kupanga maisha juu ya ahadi isiyo na siku, na aliyechoka haiti mtu.

Msimsahau baba. Mengi yanasemwa kuhusu akina baba wanaoondoka, na ni kweli wapo. Lakini wako pia waliosimama mbali kwa sababu hakuna aliyewapa kazi inayoeleweka. Mpe baba msumeno na vipimo vya kiti cha mwanawe, utaona.

Kulisha

Hapa nitakaa, maana njaa na nimonia ndizo zinazotunyang'anya wengi wa watoto hawa.

Desturi ya kumlaza mtoto mapajani chali na kummiminia uji akilia ni ya hatari kwa mtoto mwenye utindio wa ubongo. Kichwa kikianguka nyuma, njia ya hewa hubaki wazi na uji huteremkia kwenye mapafu. Anakohoa, macho yanatoka machozi, usiku kifua kinakoroma, baada ya siku chache ana homa. Watu husema amerogwa au amepata baridi.

Mkalishe wima, makalio yamerudi nyuma kabisa, magoti yamekunjwa, kichwa kiko katikati na kidevu kimeinama kidogo kuelekea kifuani. Wewe kaa mbele yake kwenye kigoda, macho yako yalingane na yake au yawe chini kidogo. Ukimlisha ukiwa umesimama atakutazama juu, na shingo itafunguka nyuma tena.

Chakula kiwe laini na kizito. Maji na uji mwepesi hukimbia kooni kabla hajajiandaa kumeza. Uji mzito, ndizi iliyopondwa, kiazi kilichopondwa kwa tui, parachichi, ugali laini uliolowana mchuzi humpa nafasi. Kwa kuwa anakula kidogo, kila kijiko kibebe nguvu: ongeza karanga zilizosagwa, dagaa waliotwangwa laini, mafuta kidogo. Kijiko kiwe kidogo na kisijae. Kilete kutoka mbele, usawa wa mdomo, si kutoka juu. Kiguse ulimi, msubiri afunge midomo, kisha kitoe moja kwa moja bila kukikwangua kwenye meno ya juu. Tazama koo lipande na kushuka ndipo ulete kingine. Akikohoa, acha, mwinamishe mbele kidogo mpaka atulie.

Nusu saa inatosha. Ukipita hapo amechoka, na mtoto aliyechoka hupaliwa. Ni bora kula kidogo mara tano kwa siku kuliko mara mbili kwa vita. Akimaliza, abaki ameketi nusu saa nyingine. Akikohoa kila mlo, sauti yake ikawa na majimaji baada ya kula, au kilo zinashuka kwenye kadi ya kliniki, apelekwe hospitali, usingoje.

Na siku moja muwekee mkono wake kwenye kijiko, mkono wako juu ya wake. Zungushia mpini kipande cha mpira wa tairi la baiskeli ili uwe mnene ashike vizuri. Atamwaga. Mwache amwage.

Jirani anayetaka kujifunza kulisha, ajifunze mama akiwa pembeni, mara kadhaa, mpaka mtoto amzoee. Huu ndio msaada mkubwa kuliko wote ninaoujua. Ikiwa watu wawili zaidi ya mama wanajua kumlisha mtoto huyu, mama anaweza kuumwa, kusafiri, kwenda msibani.

Kiti

Mtoto anayelala chali siku nzima anaona paa tu. Hashiki kitu, hatazami kuku, hajui nani ameingia. Shingo haina sababu ya kujifunza kujizuia. Mkalishe, na siku yake nzima inabadilika.

Leo hii, kabla hamjapata chochote, tumia kilichopo. Viringisha kanga ziwe kama mto mnene, ziwekwe pande mbili za kiuno ndani ya beseni pana. Wenzetu wa Pangani na kando ya bahari huchimba shimo dogo mchangani, wakamkalisha miguu ikiwa mbele na mchanga ukamshika kiuno. Kama miguu yake inapishana kama mkasi, weka kanga iliyokunjwa katikati ya mapaja.

Kisha tengenezeni kiti cha kona. Ni mbao mbili zinazokutana kama kona ya ukuta, kitako chini yake, na meza ndogo mbele. Kona huyaleta mabega mbele na kumpunguzia mtoto kujikaza nyuma. Vipimo nachukua hivi, mtoto akiwa amekalishwa vizuri na mtu mwingine: kutoka nyuma ya makalio mpaka nyuma ya goti, utoe vidole viwili, hicho ndicho kina cha kitako; upana wa nyonga, ongeza kidogo tu, huo ndio upana wa kitako; kutoka kitako mpaka kwenye kiwiko, hapo ndipo meza ikae; kutoka nyuma ya goti mpaka kisigino, hapo nyayo zikanyage. Miguu isining'inie. Meza iwe na ukingo ili vitu visidondoke kila mara, na katikati ya mapaja pakae kipande cha mti kilichofunikwa sponji.

Kama mbao ni ghali, maboksi yanatosha, na kiti cha maboksi kikitengenezwa vizuri kinabeba hata mtu mzima. Omba dukani katoni ngumu za sabuni na mafuta. Pika gundi ya unga wa ngano, uji mzito usio na mabonge. Bandika tabaka juu ya tabaka, ukipishanisha mwelekeo wa mistari ya ndani ya katoni, mara wima, mara mlalo. Gandamiza kwa mawe usiku kucha, anika juani mpaka ukigonga kilie kama ubao. Kata vipimo, unganisha, kisha funika pembe zote kwa vipande vya gazeti vilivyochanwa kwa mkono, kwa sababu ukingo uliochanwa hushika kuliko uliokatwa kwa mkasi. Kikikauka kabisa, paka rangi ya mafuta mara mbili. Mkojo na unyevu ndio adui zake. Chini pigilia soli za ndala kuukuu kisikae kwenye sakafu yenye maji. Kazi hii waifanye vijana wa mtaa pamoja. Wakimaliza, mtoto yule hawi tena mgeni kwao, na wao ndio watakaokuja kumtoa nje.

Siku za kwanza dakika kumi au kumi na tano zinatosha, uongeze taratibu. Asiachwe kitini siku nzima, wala asifungwe na kutelekezwa. Abadilishwe: kitini, kulala kifudifudi juu ya mto wenye sponji akiwa na kitu cha kuchezea mbele, kulala ubavu, kusimamishwa akishikiliwa. Na kiti kikae palipo na watu. Kikiwekwa barazani wakati wa kuchambua mchele au kumenya machungwa, mtoto ana kazi: kushika chungwa, kulitupa kwenye beseni, kuchagua kati ya mawili. Muulize, “hili au lile?” na umngojee macho yake yaangukie wapi.

Kuhusu kiti cha magurudumu nina neno kali kidogo. Viti vinavyogawiwa kwa sherehe, vyote vya saizi moja, vimewapinda watoto wengi migongo. Mtoto wa miaka saba kwenye kiti cha mtu mzima huegemea upande mmoja mpaka mfupa unafuata. Ukitaka kuchangia kiti, changia kwanza nauli ya kwenda kupimwa. Upana ulingane na nyonga, kina kiishie kama vidole viwili nyuma ya goti, nyayo zikanyage, na pawe na mto wa kukalia. Kwa kijana asiyehisi miguu, mwenye mgongo wazi au aliyeumia uti wa mgongo, ngozi ya makalio na visigino itazamwe kila jioni. Alama nyekundu isiyopotea ni mwanzo wa kidonda. Asiikalie mpaka ipone. Akiwa kitini ajinyanyue kwa mikono au ainame mbele mara kwa mara. Na fundi baiskeli wa kijijini ajue kiti hicho mapema, kwa kuwa beringi na tairi zitakufa tu.

Kifafa

Wengi wa watoto hawa wana kifafa pia, na hapa hofu imeua. Kifafa hakiambukizi kwa povu, mate wala mkojo. Mtu akianguka, usiogope kumgusa. Ondoa jiko, mawe, na kila kinachoweza kumuumiza, weka kitu laini chini ya kichwa, legeza nguo shingoni, mlaze ubavu mara mtikisiko unapolegea. Usimtie kijiko wala kidole mdomoni. Usimnyweshe chochote. Tazama saa: ikipita dakika tano, au kikarudi kabla hajapata fahamu, apelekwe hospitali.

Dawa za kifafa hufanya kazi zikinywewa kila siku. Mahenge, huko Morogoro, daktari Louise Jilek-Aall alianzisha kliniki ya kifafa mwaka 1960, na watu waliokuwa wametengwa walirudi kwenye familia zao baada ya kutumia vidonge. Jirani anaweza kusaidia kwa jambo dogo kabisa: kuhakikisha dawa haziishi kabla ya tarehe ya kliniki, maana kuzikatiza ghafla kunaweza kuleta degedege baya kuliko la mwanzo. Inua jiko juu ya matofali, tafuta mtu wa kwenda naye kisimani na mtoni. Makovu mengi ya moto ninayoyaona yangeweza kuzuiwa kwa matofali sita.

Yasiyosubiri, na yasiyo na dawa

Yapo mambo yanayotibika vizuri yakiwahi. Nyayo zilizopinda tangu kuzaliwa hunyooshwa kwa plasta zinazobadilishwa kila wiki, kwa kawaida kati ya tano na saba, halafu viatu maalumu vyenye upau. Viatu hivyo huvaliwa usiku na mchana miezi mitatu ya kwanza, kisha wakati wa kulala mpaka mtoto afike miaka minne au mitano. Wazazi huacha viatu wakiona mguu umenyooka, na mguu hurudi kulekule. Mboni ya jicho yenye weupe, kichwa kinachokua haraka, uvimbe mgongoni kwa mtoto mchanga: haya ni ya kukimbizwa wiki hiyohiyo. Mtoto asiyeinua shingo kufikia miezi minne, asiyeketi kwa miezi tisa, asiyeshtuka kwa sauti, aonwe, asiambiwe kwamba atakuja kuchangamka tu.

Anza zahanati, upate rufaa. Zaidi ya hospitali za wilaya na mkoa, zipo KCMC ya Moshi, CCBRT na Taasisi ya Mifupa ya MOI jijini Dar es Salaam. Mtoto chini ya miaka mitano anatakiwa kutibiwa bure kwenye vituo vya serikali, na familia isiyo na uwezo ina haki ya kumwona ofisa ustawi wa jamii wa hospitali kuomba msamaha wa gharama. Kinachokwamisha watu wetu ni nauli, na mahali pa kulala. Kikoba cha mtaa kinaweza kubeba nauli ya kliniki. Msikiti na kanisa vinaweza.

Utindio wa ubongo hauna dawa ya kuuondoa. Ubongo uliumia kabla ya kuzaliwa, wakati wa kuzaliwa au muda mfupi baadaye, kwa kuchelewa kulia, kwa manjano kali ya mtoto mchanga, kwa homa ya uti wa mgongo au malaria iliyopanda kichwani, na mara nyingine sababu haijulikani. Si laana, na mama hakufanya kosa. Anayeuza dawa ya kumfanya atembee kwa siku arobaini anachukua mbuzi na muda. Siwasemi vibaya wazee wetu wa tiba za asili, wengine wameniletea watoto wenyewe. Nasema tu: mwulize anayeahidi, fedha zake atapokea mtoto akishatembea?

Shule

Ada haidaiwi shule za serikali tangu 2016, kwa hiyo anayekwambia “hatuna pesa ya kumsomesha” mara nyingi anamaanisha hana mtu wa kumpeleka, au ameshakataliwa mlangoni. Usimwache mama aende peke yake. Nendeni watatu: mama, wewe, na mwenyekiti wa kitongoji au mjumbe, mkiwa na cheti cha kuzaliwa. Mwalimu mkuu akisita, ombeni jina la ofisa elimu maalumu wa wilaya. Yeye ndiye anayejua shule yenye kitengo cha elimu maalumu, na utaratibu wa kumpima mtoto. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inampa haki ya kusoma na wenzake. Itajeni kwa upole. Hapa Tanga watoto wasioona na wenye ulemavu wa akili wamekuwa wakisoma Irente, Lushoto, lakini bweni la mbali lisiwe jibu la kwanza kwa kila mtoto. Mtoto wa miaka saba anahitaji kulala kwao.

Kisha angalia choo. Watoto wengi huacha shule kwa sababu ya choo, wasichana hasa. Nguzo mbili za mti pande za tundu, za kushikilia, ni kazi ya asubuhi moja. Kiti cha plastiki kilichotobolewa katikati kinamsaidia asiyeweza kuchuchumaa. Kwenye ngazi jengeni mteremko: kwa kila sentimita moja ya kupanda, sentimita kumi na mbili za urefu. Kizingiti cha sentimita kumi na tano kinataka mteremko wa karibu mita mbili. Mkiufanya mfupi zaidi, kiti kitarudi nyuma na mtoto ndani.

Mwenye uoni hafifu akae mbele. Mwenye ualbino naye akae mbele, mbali na dirisha lenye jua, avae kofia pana na mikono mirefu hata kwenye mstari wa asubuhi, na wazazi waulize kliniki ya ngozi juu ya Kilisun, mafuta ya kukinga jua yanayotengenezwa Moshi. Asiyesikia amwone mwalimu uso, na wanafunzi wenzake wafundishwe alama. Watoto hujifunza lugha ya alama haraka kuliko walimu wao. Watafute watoto wawili au watatu wa njia moja wa kwenda naye na kurudi naye.

Wakishakua

Hapa ndipo jamii hupotea. Mtoto mdogo huhurumiwa, kijana wa miaka kumi na minane hukwepwa. Huku mama naye amezeeka, mgongo hauwezi tena kunyanyua.

Balehe haimpiti mtu kwa sababu ana ulemavu. Msichana mwenye ulemavu wa akili afundishwe hedhi kabla haijaja, kwa vitendo, hatua kwa hatua, kwa maneno yaleyale kila siku: hiki ni kitambaa, kinawekwa hapa, kinabadilishwa ukirudi, kinafuliwa na kuanikwa juani. Shangazi au somo wake aifanye kazi hii. Wavulana na wasichana wafundishwe majina ya viungo vyao, nani anaruhusiwa kuwashika wakiogeshwa, na kusema hapana, kwa mdomo au kwa ishara. Binti asiyeongea awe na ishara yake ya “ameniumiza” inayojulikana na watu zaidi ya mmoja.

Akidhuriwa, msimuogeshe na msifue nguo. Apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, kabla ya saa sabini na mbili kupita, kwa ajili ya dawa ya kuzuia virusi vya UKIMWI, na mripoti Dawati la Jinsia na Watoto la polisi. Kwa mtoto, simu namba 116 hupokelewa bure. Msikae kikao cha kupatana na mkosaji kwa mbuzi au fedha. Nimeona vikao hivyo, na binti aliyefanyiwa hivyo akabaki anaishi nyumba ya tatu kutoka kwa aliyemdhuru.

Kazi iwepo, na iwe ya kweli. Msimu wa machungwa, kijana mmoja mwenye ulemavu wa akili ninayemfahamu huchagua machungwa kwa ukubwa na kuyapanga kwenye matenga, tangu asubuhi, kwa makini ambayo wachumaji wengine hawana. Alifundishwa na jirani kwa kuwekewa matundu mawili kwenye ubao: likipita hapa, tenga hili, lisipopita, tenga lile. Analipwa sawa na wenzake, mkononi mwake, kisha anamkabidhi mama fungu lake. Gawanya kazi katika hatua ndogo, mfundishe moja mpaka ikae, ndipo uongeze ya pili. Ukimpa kazi usimlipe, au ukamlipa soda, umekifundisha kijiji kizima thamani yake.

Kwa ufundi, viko vyuo vya serikali vya watu wenye ulemavu: Masiwani hapa Tanga, Yombo Dar es Salaam, Luanzari Tabora, Sabasaba Singida, Mirongo Mwanza, Mtapika Mtwara. Vyuo vya VETA navyo viulizwe. Kwa waajiri, sheria ya 2010 inataka mwenye wafanyakazi ishirini au zaidi awe na asilimia 3 wenye ulemavu. Mwenye kiwanda au shamba kubwa karibu nanyi aandikiwe barua na kamati ya watu wenye ulemavu ya kijiji. Kamati hiyo sheria inaitaka iwepo, na kama kwenu haipo, iulizeni kwenye mkutano mkuu wa kijiji, jina la anayeuliza liandikwe kwenye muhtasari.

Na kuna mkopo wa halmashauri usio na riba. Asilimia 10 ya mapato ya ndani hutengwa, 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Ile 2 mara nyingi hukosa waombaji waliojiandaa, si kwa sababu hawahitaji, ila kwa sababu hakuna aliyewaandikia katiba ya kikundi, kufuatana nao benki, na kukaa nao wapige hesabu ya kuku mia au cherehani mbili. Kama wewe ni mwalimu mstaafu au karani, huu ni msaada wako. Andika nao, si badala yao. Siku ya kupeleka fomu kwa ofisa maendeleo ya jamii, kijana mwenyewe aishike fomu, awe mbele, wewe nyuma. Ofisa akikuuliza wewe jina lake nani na anataka kufanya biashara gani, mwambie amuulize mwenyewe, na kama hasikii, simama pale umtafsirie.